Herufi Juu ya Ndevu za Kakangu

Mimi ndiye niliyemwita mtoto aliye hai marehemu, mbele ya kaburi la baba yake, watu wamejaa uwanjani mpaka ndani ya shamba la mihogo. Naanza na hilo kwa sababu wako wanaolisimulia kwa kutia chumvi, nami sipendi kusimuliwa ningali hai. Lilitokea Kakuyuni, kwetu, siku tuliyomzika kakangu mkubwa. Majina ya watu sitayataja. Wenyewe wapo, na midomo wanayo.

Kakangu alikufa mzee, ameshiba miaka. Aliacha wake wawili, na jumla ya watoto waliozaliwa ni kumi na wawili: saba wa nyumba kubwa, watano wa nyumba ndogo. Kwetu sisi, mwili ukishateremshwa, watoto huitwa mmoja mmoja waje kutupa udongo. Nyumba kubwa hutangulia, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba, kisha ndiyo nyumba ndogo. Mtoto aliyemtangulia baba yake kufa naye hutajwa katika zamu yake, aambiwe ni marehemu, na ndugu anayemfuata amtupie udongo wake. Anayewaita ni shangazi yao. Na shangazi wa hao kumi na wawili ni mimi. Wengi wao niliwapokea kwa mikono hii, mama zao hawajawaona bado.

Kwa hiyo ningeweza kuwaita nimefumba macho. Hilo ndilo watu hawachoki kuniuliza: basi karatasi uliishikia nini? Niliishika kwa sababu najua kusoma, na nilitaka nionekane nasoma. Sioni haya kulisema.

Shule nilikwenda miaka miwili, kisha baba akaona mbuzi wananihitaji kuliko mwalimu. Kusoma nilijifunza ukubwani, Muyeye, mtaa wa Malindi ninakokaa, kwenye darasa la ngumbaru na kwenye karai langu la bajia. Darasani walinipa herufi, yaliyobaki niliyatafuta mwenyewe. Nilisoma pakiti za unga, nikasoma mikebe ya mafuta, kisha nikaingia kwenye mabango. Malindi ni mji wa mabango. Nilipenda zaidi yale ya hoteli za Waitaliano, maana herufi zao zilikuwa nene, chache, zimeachana vizuri, na Kiitaliano husomeka vile kilivyoandikwa. Nilikuwa nalisoma bango zima kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, wateja wa bajia wananipigia makofi.

Siku moja mteja akaniuliza, "Mama, pale wameandika nini?"

Nikamsomea.

"Na maana yake?"

"Maana kamuulize mwenye hoteli. Mimi nauza bajia."

Tulicheka. Lakini tangu siku hiyo nilijua kwamba kusoma na kuelewa ni watu wawili, na si lazima wafike pamoja.

Basi turudi Kakuyuni. Ile karatasi ya mazishi vijana walikwenda kuichapisha mjini, na walijitahidi, siwezi kusema hawakujitahidi. Ilikuwa karatasi nzito, inang'aa kama sufuria mpya. Ukiifungua, ndani yake kuna picha ya kakangu, wameififisha ikawa kama moshi, imejaza ukurasa mzima, na juu ya hiyo picha ndiyo maneno. Herufi zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Zilipita kwenye paji lake la uso, zikashuka puani, nyingine zikazama ndani ya ndevu. Na ili watoto wote waenee ukurasa mmoja, waliwapanga safu mbili: kushoto nyumba kubwa, kulia nyumba ndogo, na katikati wakaacha njia ambayo hata sisimizi angepita kwa ubavu. Juu ya kila safu palikuwa na kichwa kinachosema hii ni nyumba ipi, kwa maandishi ya kijivu. Yalikuwa yamelala juu ya mvi za kakangu. Mimi sikuyaona kabisa.

Hayo yote nayajua sasa. Siku ile nilikabidhiwa karatasi nikiwa nimesimama juani, saa saba za mchana, karatasi inanirudishia jua machoni. Nikaanza.

Nikamwita kifungua mimba wa nyumba kubwa. Sawa. Jicho likaendelea mbele kufuata mstari, kama jembe linavyofuata tuta, likakutana na jina jingine, nikaliita. Ni kifungua mimba wa nyumba ndogo. Akatoka, akatupa udongo. Nikarudi kushoto, nikamwita wa pili wa nyumba kubwa. Kisha kulia. Kisha kushoto. Nikasikia watu wananong'ona, nikadhani ni msiba. Mwenye kusoma kwa taabu ni kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: analitazama jiwe lililo mbele ya mguu, ng'ambo haioni. Akili yangu yote ilikwisha kwenye herufi. Haikubaki hata ya kuniambia kwamba hawa ninaowachanganya ni watoto niliowaogesha mwenyewe.

Nikafika mstari wa nne. Wa nne wa nyumba kubwa alikuwa kijana mmoja mzuri, fundi wa kuezeka, aliyekufa kwa maradhi miaka mingi nyuma. Jina lake lilikuwa limeandikwa, na baada yake, mwishoni kabisa mwa safu, neno marehemu. Halafu hapo hapo, bila nafasi, likafuata jina la binti wa nne wa nyumba ndogo.

Nikamwita kijana kwa sauti, kama ninavyowaita wenzake, na nikanyamaza kidogo nimngoje atoke. Hakutoka mtu. Nikaendelea: "Marehemu," nikasema, na nikamtaja yule binti.

Binti alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, udongo mkononi.

"Shangazi," akasema, "mimi?"

Tuna mtani wetu, mzee wa ukoo mwingine ambaye kazi yake kwenye misiba ya kwetu ni kutukejeli, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Hakungoja. "Mkamateni huyo!" akapaza sauti. "Ametoroka chini!"

Watu wengine wakacheka. Wifi yangu mkubwa, yule mwenye nyumba kubwa, hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na kaniki yake, akaniinulia macho.

"Wifi," akasema, "mwanangu umemwita aje. Aje kutoka wapi?"

Nimetukanwa sana maishani. Nimetukanwa na wateja, na wapangaji, na mume niliyemwacha. Hakuna lililonipata kama hilo, na halikuwa hata tusi.

Ikabidi mambo yasimame. Mtu hai akiitwa marehemu juu ya kaburi, neno lile haliachwi likalala hapo. Nikaletewa kata ya maji. Nikayatia kinywani, nikamtemea binti kifuani, nikasema mbele ya wote kwamba neno nililolitoa ni langu na nimelirudisha, yeye na awe na umri kunipita mimi. Akainama, akasema, "Nimepokea, shangazi." Karatasi ilichukuliwa na mpwa wetu mwalimu, akamaliza yeye, kwa sauti ile yake nyororo ambayo waliosimama nyuma hawakuisikia.

Sasa, kwetu msiba hauishi siku ya mazishi. Miezi inapita, kisha huja hanga la pili, matanga ya kuwavua wajane msiba, na siku hiyo watoto husomwa tena nyumba kwa nyumba, wakwe na majirani wakiwepo, ili kila mtu ajue nani ni wa nani. Wazee walikaa, wakaamua asome mwalimu. Uamuzi nililetewa Muyeye na mdogo wangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa wanaume.

"Pumzika, dada," akaniambia. "Umri nao umekwenda."

"Umekwenda wapi? Wewe nilikubeba mgongoni."

"Ni macho, dada. Hakuna anayekulaumu."

"Macho hununuliwa miwani. Mimi ni shangazi yao, na nitasoma mimi."

"Na ukikosea tena?"

"Nikikosea tena, hata kwenye harusi msiniite."

Alinitazama akijua simwachii. Mwisho akasema, "Aliyeumia ni wifi yako. Nenda kamuombe yeye. Akikubali, nani mwingine atasema hapana?"

Akaenda zake, kaniachia mzigo. Kumuomba wifi! Nilijenga nyumba yangu ya mawe bila kumuomba mtu msumari, leo nikamwombe wifi ruhusa ya kusoma. Lakini nilitaka kusoma. Nilitaka watu wale wale waliocheka wanisikie nikiwaita watoto wa kakangu sawasawa, kila mmoja katika nyumba yake.

Nilianza na miwani. Nilikwenda kwa daktari wa macho mjini, akanipima, akanipa. Nilipofika nyumbani niliichukua ile ile karatasi ya mazishi, nikakaa kivulini nijaribu. Herufi zilikuwa kali kama miiba, kila moja peke yake. Na nikavuka tena kwenda safu ya pili, safari hii nikiona vizuri kabisa ninavyopotea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa si langu peke yangu. Nusu yake ni ya karatasi. Na karatasi mtu anaweza kuitengeneza, kama chakula.

Nikaenda saiba, lile duka la kompyuta na kuchapisha, karibu na soko. Palikuwa na binti wa Mambrui, na buibui lake, mpole, Kiswahili chake cha kunyooka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nataka herufi kubwa. Zote kubwa, kama za bango."

Akafanya nilivyosema. Majina yote kwa herufi kubwa tupu. Nikaishika karatasi nikaona ukuta. Kila herufi ina kimo kimoja na jirani yake, hakuna aliyechungulia juu wala aliyening'iniza mguu chini. Niliweza kusoma, lakini kwa kupapasa.

"Bibi," yule binti akasema, "mtu ukimwona kwa mbali unamjuaje, kabla hujauona uso?"

"Kwa mwendo."

"Basi na neno ni hivyo. Herufi kubwa iwe ile ya mwanzo tu. Hizi ndogo ndizo zina vichwa na mikia, zinalipa neno mwendo wake."

Mtoto mdogo vile, kanifundisha. Tukachapisha hivyo, na kweli, majina yakaanza kunijia yenyewe. Nikalewa. Nikamwambia aongeze ukubwa, aongeze tena. Tukafika mahali jina halienei mstari, nusu imebaki juu na nusu imeanguka chini, nikawa namsoma mtu kiuno kisha miguu. Hapana, nikasema, rudi. Kumbe kubwa nayo ina mpaka wake.

Tulikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Nyumba kubwa na karatasi yake, nyumba ndogo na karatasi yake. Kila mtoto na mstari wake, na kati ya mstari na mstari nafasi ya upana wa kidole changu cha shahada, nilikiweka juu ya kioo cha kompyuta tupime. Mistari yote ianze mahali pamoja kushoto, ili jicho likirudi lijue nyumbani. Neno marehemu likae mstari wake, chini ya jina la mwenyewe, na baada yake paachwe patupu.

"Hapa patupu pa nini, bibi?"

"Pa kuvuta pumzi."

"Na picha ya marehemu tuiweke nyuma?"

"Picha itakaa ukutani. Na usinipe karatasi inayong'aa, nipe hii iliyofifia."

"Lakini hivi zitakuwa karatasi mbili, na ingeenea moja."

"Ziwe mbili. Kwani nazibeba kichwani?"

Siku ya pili yake nilikwenda Kakuyuni. Nilimkuta wifi nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi bila nazi, anamenya mihogo.

"Hodi."

"Karibu, mfufua wafu," akasema, kisu hakisimami. "Leo umekuja kumwita nani?"

"Nimekuja kukuita wewe. Weka kisu chini."

"Sema tu. Masikio hayamenyi."

Nikamwambia ninachotaka. Sikuzunguka, mimi kuzunguka sijui. Nikamwambia siku ile nilikosea, na kosa lake nimelitafuta mpaka nimeliona, na hanga la pili nataka nisome tena, na mdogo wangu amesema neno liko kwake.

"Nisomee kwanza," akasema.

Nikasimama pale kati ya maganda ya mihogo nikamsomea watoto wake saba. Nilipomaliza akasema rudia. Nikarudia. Kisha akaifuta mikono kwenye kanga, haikufutika sawasawa, akanyoosha mkono.

"Lete nione."

"Utaona nini? Si wewe uliyelikimbia darasa la kanisani?"

"Nililikimbia kwa sababu kile kitabu chao kilikuwa na herufi kama siafu. Nikizitazama zinanipanda. Lete hapa."

Nikampa. Akaiweka karatasi mapajani, akaweka kidole chenye maji ya mihogo chini ya jina la kwanza. Alilikodolea macho mpaka nikataka kumsaidia.

"Nyamaza," akasema, na mimi hata sikuwa nimefungua mdomo.

Akalitoa. Kipande, kipande, kisha lote. Akacheka pumzi moja puani. "Huyu herufi hii aliichora na mkaa mlangoni kwangu, nikamchapa." Kidole kikashuka. Hakikuwa na pa kupotelea: chini ya jina ni nafasi, chini ya nafasi ni jina. Akamtoa wa pili. Wa tatu alimtambua kabla hajamaliza. Alipofika kwa wa nne hakulitoa kwa sauti, alipapasa tu, akapita.

Baadaye akasema, polepole, "Kumbe si mimi. Kumbe zilikuwa ndogo tu."

"Ndogo, na zimebanana."

"Miaka yote hii nikajiita mjinga." Akachukua kisu chake. "Soma wewe hiyo siku. Lakini ukikosea nitakuwa nyuma yako na mwiko."

"Sikosei. Nipe karatasi yangu."

"Niachie."

"Ni ya kusomea!"

"Una kompyuta nzima Malindi, wewe. Niachie."

Nikamwachia, nikachapisha nyingine. Nilirudi Muyeye nikijiona mshindi, na majuma yaliyofuata nilisoma zile karatasi kila siku baada ya chai, nimesimama, kwa sauti, mpaka wapangaji wangu wakawajua watoto wa kakangu kuliko wakwe zao.

Hanga la pili likafika. Uwanja ulikuwa umejaa kama siku ya mazishi, au zaidi, maana siku hiyo huwa pana nyama na ngoma. Wajane walikuwa wamekwisha kuvuliwa kaniki, wamevaa leso mpya. Mdogo wangu akasimama akasema, "Sasa shangazi yao atawasoma." Mtani wetu, nilimwona, alikuwa amejisogeza mbele na kiti chake, anangoja chakula chake.

Nikasimama. Nikavaa miwani. Nikafungua kinywa.

"Wifi," sauti ikatoka nyuma yangu. "Hebu kaa."

Nikageuka. Wifi mkubwa amesimama, na mkononi ana ile karatasi yangu, imekunjwa mara nne, ina madoa ya mihogo.

"Hawa wangu nitawasoma mwenyewe."

"Leo kuna makarani wawili!" mtani akapiga kelele. "Nani mkubwa wa ofisi?"

Watu wakacheka, na kwa kweli nilibaki nimesimama, karatasi mkononi, miwani puani. Miezi nimeipigania ile nafasi. Nilitaka kumwambia, wifi, huu ni mdomo wa shangazi, si wa mama, haijapata kutokea. Ni kweli haijapata kutokea. Nilimtazama mdogo wangu, yeye akatazama viatu vyake. Nikatazama ile karatasi ya wifi, nikaona ameshaikunjua, kidole kiko chini ya jina la kwanza.

Nikakaa.

Akasoma. Wa kwanza alimtoa kwa shida, mtu angeweza kumenya muhogo mzima hapo katikati. Hakuna aliyemsaidia. Mzee huyo mwanamke hakuna aliyewahi kumwona ameshika karatasi, hata mtani alifunga mdomo. Wa pili alikuja upesi zaidi. Wa tatu. Kila mmoja akiitwa anaitika na kusogea mbele, mtu mzima na ndevu zake anaitika kama mtoto wa darasa la kwanza.

Akafika kwa wa nne. Akalisoma jina, lote, bila kulikata. Kisha akateremsha kidole mstari wa chini yake, akasema, "Marehemu." Kisha kidole chake kikafika pale patupu nilipoamuru paachwe, na hapo akapumzika. Mimi nilipapima pawe pa kuvuta pumzi moja. Yeye alivuta nyingi. Uwanja mzima ulimngoja, na hakuna aliyedhani amekwama. Kisha kidole kikashuka kwa wa tano.

Alipomaliza saba wake alikaa chini, hakumtazama mtu. Mimi nikasimama nikasoma watano wa nyumba ndogo. Yule binti wa nne nilipomwita alijibu, "Nipo, shangazi, nipo kabisa!" na kicheko kikatoka cha kweli, hata cha mama yake. Sikukosea jina, sikukosea mstari. Mtani alirudisha kiti chake nyuma.

Tulipoletewa wali nilikaa karibu na wifi. Nilikuwa bado nimemnunia kidogo, sitasema sikununa.

"Umeninyang'anya kazi na karatasi yangu mwenyewe," nikamwambia.

"Si nilikuachia watano? Kula."

Tukala. Baadaye akauliza, bila kuinua uso kutoka kwenye sinia, "Nikitaka kitabu kizima, herufi namna hii, na nafasi namna hii, nitakipata wapi?"

"Malindi."

"Na wakisema hakuna?"

"Tutawaambia wakitafute."

"Wewe utawaambia," akasema, akajisogezea kipande cha nyama nilichokuwa nakilenga. "Mimi nitasimama hapo nikikungoja umalize kelele."

Tumepanga twende Jumatatu, asubuhi, kabla jua halijakuwa kali.